Siku Makochi Yalipotolewa Nje

Namshukuru Mungu aliye hai, ndugu zangu, kwa kunipa pumzi ya kuwasalimu ninyi mnaosoma, wa Kibondo, wa Kasulu, na popote mlipo. Amani yake iwe nanyi.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kumsenga. Nilifundisha shule za msingi tangu ujana mpaka nilipostaafu, na miaka mingi ya kazi yangu niliipitisha Heru Juu kabla ya kuhamishiwa huku, ambako ndiko nilikompata mke wangu, Mama Tumaini. Nimesikia wengi wakishuhudia kanisani jinsi Bwana alivyowatoa kwenye pombe, kwenye ugonjwa, kwenye vilinge vya waganga. Mimi nashuhudia jinsi alivyonitoa kwenye makochi. Mnaotaka kucheka mcheke, sitawakataza. Lakini nisikilizeni hadi mwisho, maana niliokolewa kweli, na nilikuwa karibu kupoteza kitu ambacho duka lolote halikiuzi.

Nyumba yetu ya kwanza hapa Kumsenga ilikuwa ya shule, ya matofali ya udongo, sebule yake sakafu ya udongo uliopigwa ukawa mgumu. Ndani palikuwa na mikeka, vigoda vichache na kiti kimoja cha mgeni. Sebule ile haikukauka watu. Mtu alifika mlangoni, akapiga makofi taratibu kama tulivyolelewa sisi Waha, akasema mwidiwe, na kabla hujamaliza kuitikia salamu alishakaa. Ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa ikirudi kwetu mara nyingi kuliko zamu yetu, kwa sababu watu walipenda kuja. Na kila mwaka, mvua za kupandia zilipokaribia, wanawake wa jirani walikuja na nyungo zao kuchambua mbegu za maharage. Walichambua za nyumba hii, kesho za nyumba ile, wakibadilishana mbegu kiganja kwa kiganja, wakiimba, wakisengenya kidogo na kutubu papo hapo, halafu tukaziombea mbegu zote kwa pamoja. Aliyeuanzisha utaratibu huo alikuwa dada yangu mkubwa, Yusta, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Nilimheshimu kama mzazi, naye alinitania kama mtoto.

Nilipostaafu tukajenga nyumba mpya. Ndugu zangu, mwalimu anayeishi maisha yake yote katika nyumba za shule, akihamishwa na godoro lake mgongoni, akipata nyumba yake mwenyewe anakuwa kama mtu aliyeshinda njaa na sasa yuko mbele ya chungu. Nilitaka kila kitu. Nilitaka marumaru sakafuni, nikaweka. Nilitaka dari nyeupe yenye maua, nikaweka. Tumaini, mtoto wetu wa kwanza anayefanya kazi Dar es Salaam, akatuma makochi makubwa ya rangi ya kahawia, yakashushwa kwenye lori barabarani, kijiji kizima kikatazama. Baadaye akatuma friji, wakati umeme wetu ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa. Nami kila nilipopanda basi kwenda Kasulu kwa shughuli za kanisa sikurudi mikono mitupu. Nikarudi na saa ya ukutani yenye maporomoko ya maji yanayowaka taa. Nikarudi na kabati la vioo, halafu nikatafuta vikombe vya kuliwekea, vikombe ambavyo havikuguswa na midomo ya mtu. Ng'ombe wetu wa maziwa, ambaye watoto wa jirani walizoea kumjia na vikombe vyao asubuhi, nilimuuza, nikapata televisheni.

Sikuiba. Sikumdhulumu mtu. Nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa baraka hizo, na watu wakasema amina. Ndiyo maana nawaambia, kifungo hiki ni kigumu kukitambua, kwa sababu kinakuja kimevaa nguo za baraka.

Sasa tazameni kilichotokea. Mnajua udongo wetu wa huku, ule mwekundu. Mvua ikinyesha unamfuata mtu mpaka kitandani. Watu walipokuja kwenye nyumba mpya walivua mabuti nje, wakatembea juu ya marumaru kwa ncha za vidole kama wanaovuka mto. Makochi sikuyavua nailoni yaliyokuja nayo, nilisema nailoni itayalinda. Wageni waliketi pembeni kabisa mwa kochi, mikono magotini, kama wanangoja kuitwa na daktari. Salamu zikaisha upesi. Wakaaga.

Dada Yusta alikaa juu ya kochi mara moja tu. Mara ya pili alikaa sakafuni karibu na mlango, akakunja miguu. Nilimwambia, dada, viti vipo. Akanijibu, "Mwalimu, niache. Nikikaa hapo juu nasikika kama bisi zinazokaangwa."

Tukacheka. Mimi nilidhani ni utani tu.

Ulipofika wakati wa mbegu niliwaomba wale wanawake, kwa upole kabisa, wakae barazani, kwa sababu vumbi la maharage lilikuwa linaingia kwenye televisheni. Wakasema hakuna shida, mwalimu. Mwaka uliofuata hawakuja sebuleni wala barazani. Walizunguka nyuma ya nyumba, wakaingia jikoni kwa mke wangu. Ibada ya nyumba kwa nyumba nayo ikahamia kwingine. Nilipouliza, nikaambiwa ni kwa sababu ya nafasi. Nyumba yangu ilikuwa kubwa kuliko zote upande ule, na nikaambiwa ni kwa sababu ya nafasi! Nikaridhika na jibu hilo.

Jiko letu ni kile kijumba cha nyuma, cha matofali mabichi na bati, kina mafiga na moshi. Mama Tumaini alihamia huko, lakini hakuhama kwa siku moja wala kwa ugomvi. Kwanza alipeleka kigoda chake. Baadaye mkeka. Baadaye nikaona Biblia yake imening'inizwa huko kwenye mfuko ukutani. Wageni wote waliishia huko. Mimi nilikaa sebuleni mbele ya televisheni, napokea sahani yangu, nasikia kicheko kinapita dirishani. Kicheko cha mke wangu nakijua, kinaanza chini chini halafu kinamshinda. Nilikuwa nakisikia kama mtu anayesikia ngoma ya kijiji cha pili.

Sisi, ndugu zangu, tulikuwa watu wa kuongea. Tangu Heru Juu, mimi na yeye jioni tulizungumza mambo yasiyo na maana yoyote, nani kapita, kuku gani anataga wapi. Katika nyumba mpya tulibaki na salamu na chakula. Siku moja nilimwuliza kwa nini hakai nami kwenye makochi. Alikuwa anakunja kanga. Akaniambia, "Huko ndani najiona mgeni, Baba Tumaini. Najikuta nimekaa wima mpaka mgongo unauma."

Nikamnunulia mto wa kuegemea. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Halafu dada Yusta akaugua. Hakuugua muda mrefu. Alikuwa mtu mzima sana, akaondoka kwa amani, ameshikwa mikono, akimtaja Bwana wake. Kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki mkubwa wa ukoo, msiba uliwekwa kwangu. Na ninyi mnajua desturi yetu msiba unapoingia nyumbani. Vitu vyote vya sebuleni hutoka, waombolezaji wakae chini. Hakuna anayeomba ruhusa. Vijana wa kanisa walifika, wakapinda migongo, makochi yakatoka. Likatoka kabati na vikombe vyake, ikatoka televisheni, ikatoka hata saa ya maporomoko. Wakavipanga nyuma, kando ya ghala la mahindi, wakafunika kwa turubai.

Ndugu zangu, dada aliyenibeba mgongoni alikuwa amelala ndani ya sanduku, na mimi nilikuwa nje nawaambia vijana washike kwa chini, wasiburuze. Mmoja wao, kijana wa bodaboda, akanitazama kwa heshima akasema, "Mzee, tuko msibani. Hatuhami."

Nikaona haya, nikaingia ndani. Nilipoingia nilisimama mlangoni. Walikuwa wametandika majani makavu juu ya marumaru, na juu ya majani mikeka. Sebule imejaa. Wanawake wa nyungo, wote, bega kwa bega, miguu imenyooshwa, watoto wamelala mapajani. Yule nesi wa zahanati yetu, Bi Zaituni, Mwislamu kutoka Tanga, naye alikuwepo amejifunika ushungi, anapepea mtoto wa mtu. Na pembeni, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa nyumba yake mwenyewe, alikuwa amekaa Mama Tumaini. Hakukaa wima. Alikuwa amelegea katika huzuni yake kama mtu aliye kwao. Nilitambua kwamba sijamwona akikaa hivyo tangu tuhamie.

Siku ya mazishi nilipaswa kusema neno la familia kaburini, shambani kwetu, hatua chache kutoka nyumbani. Tulipofika, wingu zito lilikuwa limesimama upande wa Mabamba, na upepo wa mvua ukaanza. Nawaambia kweli mbele za Mungu, mdomo wangu ulikuwa unamtaja dada yangu na macho yangu yalikuwa yanaelekea kwenye paa la nyumba. Nilikuwa nawaza turubai. Kona moja ilikuwa haikufungwa vizuri. Nikaanza kuharakisha maneno. Moyoni nilishapanga kumwachia mchungaji na kukimbia.

Mama Tumaini alikuwa kando yangu. Akanishika mkono, hakunikemea, akasema kwa sauti ya kunisikia mimi tu, "Mtazame dada."

Nikamtazama. Na hapo, ndugu zangu, Roho wa Bwana alinishika. Nikaona yale mabega yaliyonibeba kwenda kisimani, na mikono iliyonimenyea viazi. Nikaona kwamba mtu huyu alikaa sakafuni mlangoni kwangu na mimi nikacheka. Mvua ikaanza kudondoka juu ya sanduku, juu ya mchungaji, juu ya wote. Niliisikia ikipiga bati la ghala na turubai kule nyuma. Sikukimbia. Nilisema habari za dada yangu mpaka nikazimaliza, taratibu, machozi na mvua vikitelemka pamoja, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi kichwani. Bwana apewe sifa! Sikujua nimebeba mpaka nilipotuliwa.

Tuliporudi nyumbani tumelowa, tukapita nyuma. Upepo ulikuwa umefunua ile kona. Na juu ya kochi kubwa, lile la kukaa watatu, alikuwa amelala mbuzi wa jirani, beberu mwenye ndevu, amejikunja mahali pakavu, anacheua, anatutazama kama mwenye nyumba anayeuliza tunamtafuta nani. Nailoni ilikuwa imeshaliwa nusu.

Watu wote wakaangalia chini, wanajizuia, wananihurumia. Ni msiba, na ni makochi ya mwalimu. Halafu nikasikia kicheko kinaanza chini chini. Mama Tumaini alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, kikamshinda. Bibi mmoja akasema, "Huyo angalau amekubali kukaa." Basi kila mtu akaanguka. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tulicheka na kumlilia Yusta kwa wakati mmoja, maana tulijua vizuri angesema nini.

Baada ya siku za matanga kwisha, waombolezaji walianza kuaga. Tumaini alikuwa amekuja kumzika shangazi yake, na kama kijana mwema akawakusanya wenzake warudishe vitu ndani. Aliyafuta makochi mwenyewe, akayasugua mpaka yakarudi rangi. Wakalibeba la kwanza mpaka mlangoni. Mama Tumaini alikuwa amesimama hapo hapo na fagio.

Akaniambia mbele ya mtoto wetu, bila ukali wowote, "Baba Tumaini, wakiyarudisha, mimi nitakuwa jikoni. Sikugombezi. Nakuambia tu mahali utakaponikuta."

Vijana wakasimama na kochi mikononi. Wote wakanitazama. Ndugu zangu, nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi wa elimu na mbele ya maaskofu, sijawahi kusimama mahali pagumu kama pale. Upande mmoja alikuwa mke wangu, ambaye nilijua sasa kwamba akirudi jikoni safari hii hatatoka tena, tutazeeka na ukuta kati yetu. Upande wa pili alikuwa mwanangu, na makochi yale yalikuwa jasho lake na upendo wake. Nikafumba macho pale pale nikaomba kwa maneno machache: Bwana, wewe uliyenituliza kaburini, sema na mimi.

Nikawaambia, wekeni chini. Hayaingii.

Tumaini alibadilika uso. Alisema alivileta kwa ajili yetu, ili watu wasiseme mwalimu kazeeka hana kitu. Nikamshika mkono, tukakaa juu ya lile lile kochi, nje, mimi na yeye. Nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi. Naye akasema jambo lililonichoma kuliko yote, "Baba, unajua kwa nini nilikuwa siji? Kila likizo nilikuwa naona sina cha kuja nacho. Nikashindwa kuja mikono mitupu, nikawa natuma vitu."

Tazameni hila ya kitu hiki! Mimi nilikuwa nafurahia friji, kumbe nyuma ya friji alikuwa amejificha mwanangu. Mimi nilimwonyesha kwa furaha yangu kwamba nataka vitu, naye akaamini. Nilimwomba msamaha. Mama yake akatoka, akasimama mbele yetu, akamwambia aje hata bila shati, shati tutamtafutia hapa. Tumaini akacheka huku analia, mtu mzima yule.

Makochi tuliyapeleka kwa Bi Zaituni kwenye nyumba ya zahanati, kwa sababu alihamishiwa huku na begi moja tu, na ndugu wa wagonjwa wanaolala kwake huwa hawana pa kujiegesha. Aliyapokea akauliza kwa nini yana alama za meno. Televisheni iko kwa mwalimu kijana wa shule yetu, vijana hujaa huko siku za mpira, naye hunipigia kunieleza mabao kana kwamba nimeuliza. Kabati la vioo limebaki. Mama Tumaini anahifadhia mbegu, na vikombe vinatumika, viwili vimeshavunjika. Sikugeuka mtawa, ndugu zangu. Nimebaki na redio, na kiti kimoja cha kuegemea, maana mgongo wangu ni wa uzee. Ng'ombe bado hatujapata mwingine. Tunaomba, na tunangoja kwa subira.

Mnaniuliza ni rahisi? Si rahisi. Nikienda Kasulu bado macho yangu yanajua maduka yote. Wiki hizi kuna jagi la umeme linaloimba maji yakichemka. Nililiangalia, nikalisifu, nikamwambia Bwana asante kwa waliolitengeneza, nikapanda basi.

Mwaka huu, mvua zilipokaribia, nyungo ziliingia kwa mlango wa mbele. Nami niliketi na ungo wangu, ingawa wanawake wanasema nachambua polepole kama ninayesahihisha mitihani. Katikati ya kazi, mlangoni pakasikika makofi ya salamu, taratibu, ya mtu aliyesahau kidogo mapigo yake. Alikuwa Tumaini. Hakututaarifu. Hakuwa na sanduku wala mfuko, ila simu mkononi na vumbi la safari usoni. Alisimama pale, mikono mitupu, akingoja kuona tutamtazama vipi. Mama yake alisogea kwenye mkeka, akapigapiga mahali palipokuwa wazi kando yake. Mwanangu akakaa.

Basi namshukuru Mungu, aliyenirudishia mke wangu na mwanangu kwa kuniondolea nilichodhani ni zawadi yake. Na wewe ndugu yangu, dada yangu, ambaye nyumba yako imejaa na moyo wako unasikia kicheko kwa mbali, usiogope. Mwamini. Mwambie Bwana akuonyeshe ni nini kimekaa mahali pa mtu, nawe ukitoe nje, hata kama ni kimoja, na hata kama unakipenda. Aliyenipa neema mimi mzee mwenye tamaa hatakunyima wewe. Mkono wake ni mwema, na amewahi kunifundisha kwa mbuzi. Heshima na utukufu ni vyake. Amina.